Mali Bila Daftari: Dhahabu ya Johannesburg katika Jedwali la Mauzo ya Nje

Mnamo Julai 2016, wajumbe walipokuwa wakikusanyika Nairobi kwa mkutano mkuu wa UNCTAD, chombo cha Umoja wa Mataifa kinachoshughulikia biashara na maendeleo, ilitolewa ripoti moja ambayo ilisomwa kwa hasira Johannesburg. Ilihusu nchi tano zinazouza malighafi: Chile, Côte d'Ivoire, Nigeria, Afrika Kusini na Zambia. Mtafiti wake alikuwa Léonce Ndikumana, mwanauchumi mzaliwa wa Burundi anayefundisha Chuo Kikuu cha Massachusetts huko Amherst, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akifuatilia mitaji inayotoroshwa kutoka barani Afrika. Ripoti ilidai kwamba kati ya mwaka 2000 na 2014 dhahabu ya Afrika Kusini yenye thamani ya dola bilioni 78.2 za Marekani ilitoka nchini bila kuonekana katika takwimu za mauzo ya nje. Hiyo ilikuwa asilimia 67 ya dhahabu yote iliyouzwa. Kwa lugha ya sokoni, katika kila matofali matatu ya dhahabu, mawili yalipita mlangoni bawabu asiyaone.

Mali bila daftari hupotea bila habari, husema Waswahili, na wengi walioisoma ripoti ile waliisoma kana kwamba ni ushahidi mpya wa methali hiyo ya kale. Waafrika hawakuhitaji kushawishiwa sana. Miaka minne kabla yake, mwaka 2012, jopo la Umoja wa Afrika lililoongozwa na Thabo Mbeki lilizinduliwa Johannesburg kuchunguza fedha zinazotoroshwa, na ripoti yake ya mwaka 2015 ilikadiria kwamba bara hupoteza zaidi ya dola bilioni 50 kila mwaka. Tarakimu ya dhahabu ilikuja kama jina la mtuhumiwa baada ya wizi kuthibitishwa.

Hata hivyo kisa cha Johannesburg kinaigeuza methali juu chini. Daftari lilikuwapo. Yalikuwapo madaftari mengi: la mgodi, la kiwanda cha kusafishia, la Benki Kuu, la forodha, na la mnunuzi aliye ng'ambo. Kilichokosekana ni uzi wa kuyashona pamoja. Uzi huo haukuoza wenyewe. Sehemu kubwa yake ilikatwa na watu waliojua walichokuwa wakifanya, kwa sababu zilizokuwa zimekwisha kusahauliwa wakati mtafiti alipolifungua jedwali na kukuta safu tupu.

Njia iliyotumiwa katika ripoti ni kongwe, na wazo lake ni jepesi. Kila shehena ina ncha mbili. Chai inayopakiwa Mombasa kwenda Karachi huandikwa mara mbili: forodha ya Kenya huiandika kama mauzo, ya Pakistan kama manunuzi. Pakistan huongeza nauli na bima, kwa hiyo thamani yake huwa juu kidogo. Ikiwa juu mno, mchunguzi hushuku kwamba ankara iliyoonyeshwa Mombasa ilipunguzwa ili sehemu ya fedha ibaki nje. Wachumi huuita ulinganisho huu takwimu za kioo, kwa kuwa nchi moja hujitazama katika vitabu vya nyingine.

Lakini kioo hiki kina kasoro ambayo makarani wa forodha huijua vizuri kuliko maprofesa. Wauzaji na wanunuzi hawajibu swali moja. Mnunuzi huulizwa bidhaa imezaliwa wapi. Muuzaji huulizwa inakwenda wapi, naye hujibu kwa kadiri ajuavyo siku ile. Ripoti yenyewe ilitoa mfano bora wa tatizo hili bila kulitambua vya kutosha. Kati ya mwaka 1995 na 2014 Zambia iliandika kwamba imeiuzia Uswisi shaba ya dola bilioni 28.9, zaidi ya nusu ya shaba yake yote, ilhali vitabu vya Uswisi havikuiona shaba hiyo. Mtu anayedhani kwamba ilizama katika ziwa la Geneva atakuwa amesahau kwamba makampuni makubwa ya uchuuzi wa metali yana ofisi zake Uswisi. Mfanyabiashara aliyeketi Zug hununua shaba ikiwa bado Afrika, huiuza tena ikiwa baharini, na metali yenyewe huteremshwa China bila kuiona theluji ya milima ya Alpi. Zambia huandika Uswisi kwa sababu ankara ilikwenda huko. Uswisi haiandiki kitu kwa sababu hakuna kilichoingia. China huandika Zambia. Hapo lipo pengo kubwa upande mmoja na ziada isiyoelezeka upande mwingine, hata kama hakuna aliyeiba. Kama faida ilihamishwa kwa njia hiyo (na inawezekana kabisa kwamba ilihamishwa), pengo hilo halisemi ni kiasi gani.

Dhahabu ni mnyama mgumu zaidi ya shaba, kwa sababu kwa muda mrefu wa historia yake Johannesburg haikuihesabu kuwa bidhaa.

Mji huu, ambao Wazulu huuita eGoli, mahali pa dhahabu, ulizaliwa mwaka 1886 baada ya mwamba wenye dhahabu kugunduliwa katika shamba la Langlaagte. Kwa miongo mingi metali yake ilisafiri katika meli za Union-Castle kutoka Cape Town hadi Southampton, na mwanzoni hata kazi ya kuisafisha ilifanyiwa Uingereza. Mwaka 1920 Chama cha Migodi kilianzisha kiwanda cha Rand Refinery huko Germiston, mashariki mwa Johannesburg, na mwaka 1921 ikaanzishwa Benki Kuu ya nchi. Baada ya muda utaratibu ukakaa imara: mgodi huchimba, Germiston husafisha, Benki Kuu hununua na kuuza nje. Utaratibu huo uliendelea hadi mwishoni mwa miaka ya 1990, makampuni yaliporuhusiwa kujiuzia yenyewe.

Katika mfumo kama huo, dhahabu ilikuwa fedha. Kuanzia mwaka 1934 hadi 1971 Marekani ilishikilia bei rasmi ya dola 35 kwa wakia, na benki kuu za dunia zililipana kwa metali hiyo. Tofali lililotoka Germiston lilikuwa karibu na noti kuliko na gunia la mahindi. Ndiyo maana wachumi wa Pretoria walipochapa urari wa malipo waliweka safu mbili zilizosimama bega kwa bega: moja ya mauzo ya bidhaa, nyingine ya dhahabu peke yake. Safu ya dhahabu ilikokotolewa kutokana na mauzo ya nje pamoja na kupanda au kushuka kwa akiba ya Benki Kuu, na haikuwa na haja ya jina la nchi iliyonunua. Mwaka 1970, Afrika Kusini ilipochimba takriban tani 1,000, takriban theluthi mbili ya dhahabu mpya ya dunia nzima, safu hiyo moja isiyo na majina ya wanunuzi ndiyo iliyobeba uchumi wa nchi. Hakuna aliyeona ajabu. Aliyetaka kujua dhahabu iliuzwa kiasi gani alijua rafu ya kitabu cha kuangalia, na hakikuwa kitabu cha forodha.

Kisha zikaja siasa, na kile kilichokuwa desturi ya kihasibu kikageuka ngao.

Novemba 1962 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliziomba nchi wanachama zivunje uhusiano na serikali ya Makaburu na kususia bidhaa zake. Tanganyika na Kenya zilikuwa miongoni mwa zilizotangaza kususia, na mwaka 1963 ndege za Afrika Kusini zikafungiwa anga la sehemu kubwa ya bara, zikalazimika kuzunguka pwani ya magharibi kwenda Ulaya. Pretoria ilijibu kwa namna nyingi, na mojawapo haikuwa na kelele: ilianza kulifunika jedwali. Kwa miaka mingi biashara yake na nchi za Afrika ilichapishwa chini ya neno moja tu, Afrika, kana kwamba Lusaka, Kinshasa na Blantyre ni duka moja. Malawi, iliyofungua uhusiano wa kibalozi na Pretoria mwaka 1967, haikuwa na la kuficha. Walioneemeka na neno hilo moja ni wale waliosusia hadharani na kununua faraghani. Muuzaji alimtunzia mnunuzi heshima yake.

Kadiri vikwazo vilivyokaza ndivyo giza lilivyoongezeka. Mafuta, silaha na dhahabu vilisukumwa katika fungu la vitu visivyoainishwa pamoja na marekebisho ya urari wa malipo, fungu ambalo kwa ukubwa wake lilifanya mengine yaonekane kama tanbihi. Baada ya mwaka 1986, Bunge la Marekani lilipopitisha sheria ya vikwazo licha ya kura ya turufu ya Rais Reagan, hata mgawanyo wa biashara kwa nchi moja moja ukaondolewa machoni pa umma. Kuchapisha habari za mafuta yanayoingia nchini kulikuwa kosa la jinai. Ikatokea hali ya kipekee katika historia ya takwimu: wanaharakati wa Amsterdam, waliojiita Shipping Research Bureau, walianza mwaka 1980 kufuatilia safari za meli za mafuta moja moja na kuchapa orodha ya zilizotia nanga Afrika Kusini. Walifanya kazi ambayo idara ya forodha ingeifanya mahali pengine, nao waliifanya ili kuiangusha serikali.

Kioo nacho kilitiwa pazia kutoka upande wa pili. Machi 1968 soko la dhahabu la London lilifungwa kwa wiki mbili, na benki kubwa za Zurich zikatumia nafasi hiyo kujifanya mlango mkuu wa dhahabu ya Johannesburg. Mwaka 1981 Uswisi iliacha kuchapisha takwimu za dhahabu kwa nchi inakotoka. Haikuanza tena hadi Januari 2014. Kwa hiyo, katika karibu kipindi chote ambacho ripoti ya mwaka 2016 ilikichunguza, mojawapo ya vituo vikubwa zaidi vya dhahabu duniani haikusema ilipata wapi metali yake. Nchi ambazo ripoti ilizitaja kuwa na mapengo makubwa zaidi na Afrika Kusini zilikuwa India, Ujerumani, Italia na Uingereza. Uswisi haikuwamo katika orodha hiyo, na sababu haikuwa unyofu wa Waswisi.

Baada ya mwaka 1994 serikali mpya ilirithi majengo, madeni na fomu. Majina ya nchi yalirudi katika majedwali, lakini dhahabu ilibaki katika chumba chake, kwa sababu ya mazoea sasa, si vikwazo tena. Sehemu kubwa ya dhahabu haikupelekwa Comtrade, hazina ya takwimu za biashara ya Umoja wa Mataifa, na iliyopelekwa haikuwa na jina la nchi iliyonunua. Benki Kuu iliendelea kuichapa kila robo mwaka katika jarida lake, na Chama cha Migodi kiliendelea kuihesabu kwa kilo. Mtafiti aliyeketi mbele ya Comtrade aliona India ikiandika dhahabu nyingi kutoka Afrika Kusini, na Afrika Kusini ikiandika kimya. Kimya kikahesabiwa kuwa sifuri.

Chama cha Migodi kilikodi washauri wa Johannesburg, kampuni ya Eunomix, waliojibu mwaka 1917 — la, mwaka 2017. Ni rahisi kukosea karne pale ambapo hoja ni kongwe hivi. Walisema kwa ufupi kwamba ukichukua takwimu za ndani za nchi badala ya safu tupu ya Comtrade, pengo kubwa linayeyuka. UNCTAD yenyewe ilikuwa imetoa toleo lililorekebishwa mwishoni mwa mwaka 2016. Mabishano yalikuwa makali, na kila upande ulimwona mwenziwe kuwa wakili wa mtu fulani.

Hoja yenye nguvu kuliko zote haikuhitaji uchumi, ilihitaji mizani tu. Mwaka 2000 nchi ilichimba zaidi ya tani 400. Mwaka 2014 ilichimba tani 150 hivi. Kwa miaka ile 15, theluthi mbili ya jumla ni zaidi ya tani 2,000. Tofali la kawaida la soko la London lina uzito wa kilo 12.5 hivi. Ili tuhuma iwe kweli kama ilivyoandikwa, matofali zaidi ya laki moja na nusu yalipaswa kutoka kwenye migodi ya makampuni yaliyoandikishwa katika soko la hisa la Johannesburg, ambayo kila mwaka huwatangazia wanahisa wakia walizouza, yapite Germiston, yapande ndege, na yasionekane na mkaguzi hata mmoja. Wezi wa namna hiyo wangestahili kukabidhiwa wizara.

Katika suala la dhahabu, basi, ripoti ilikosea, na ilikosea mahali pa msingi: ilidhani kwamba kila nafasi tupu katika jedwali imeachwa na mwizi. Jedwali la Afrika Kusini lilikuwa na nafasi tupu zilizoachwa na benki, nyingine zilizoachwa na majasusi, na nyingine na wanasheria wa mikataba. Mfano wa hizi za mwisho ni majirani. Umoja wa Forodha wa Kusini mwa Afrika ulianza mwaka 1910, na kwa kuwa mipaka ya ndani ya umoja haikuwa na ushuru wa kukusanya, bidhaa zilizovuka kwenda Botswana, Lesotho, Namibia na Swaziland hazikuingizwa katika takwimu rasmi za kila mwezi za mauzo ya nje. Mamlaka ya mapato ilizijumuisha mwaka 2013. Nakisi ya biashara ya nchi ilipungua sana kwa tangazo hilo moja, ingawa viwanda havikuzalisha hata msumari mmoja wa ziada. Kwa zaidi ya karne, lori la unga lililotoka Johannesburg kwenda Gaborone halikuwa limekwenda ng'ambo.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana sababu yake mwenyewe ya kulifuata jambo hili hadi Germiston. Dhahabu ya Geita, kusini mwa Ziwa Viktoria, huchimbwa na AngloGold Ashanti, kampuni ambayo kwa miaka mingi ilikuwa na makao yake makuu Johannesburg, na kwa muda mrefu matofali ghafi ya Geita yalipelekwa Rand Refinery kusafishwa. Ndiyo sababu kubwa ya Afrika Kusini kuonekana, katika baadhi ya miaka, juu kabisa kwenye orodha ya wanunuzi wa bidhaa za Tanzania. Watu wa Johannesburg hawakuinunua dhahabu hiyo. Waliiosha. Ilipotoka Germiston kwenda kwingine ilikuwa na chapa ya Rand Refinery, na forodha ya mnunuzi iliweza kuiandika kuwa ya Afrika Kusini. Tofali moja laweza hivyo kuonekana mara mbili katika mauzo ya bara, au kuonekana katika nchi ambayo haikulichimba, na hesabu ya kioo italisoma kama ushahidi wa utoroshaji.

Tanzania ilikuwa na jedwali lake la kugombea, na huko mambo yalikwenda mbali zaidi ya mabishano ya washauri. Machi 2017 Rais John Magufuli alipiga marufuku usafirishaji wa makinikia, mchanga wa madini uliokuwa ukipelekwa nje kuyeyushwa. Kamati ya Profesa Abdulkarim Mruma ikapima makontena 277 yaliyokuwa yamezuiliwa na kutangaza kwamba yana dhahabu nyingi mno kuliko ilivyoandikwa katika nyaraka. Kamati ya pili, ya Profesa Nehemiah Osoro, ikaikokotoa hasara ya miaka mingi. Julai mwaka huo kampuni ya Acacia ilikabidhiwa dai la kodi la dola bilioni 190. Mgogoro ulimalizwa na kampuni mama, Barrick, kwa ahadi ya dola milioni 300 na kuundwa kwa kampuni ya ubia, Twiga. Kati ya bilioni 190 na milioni 300 kuna nafasi ya kutosha kwa kila mtu kuweka ukweli wake. Itakuwa haki kusema kwamba bila tarakimu ile kubwa pengine hata ile ndogo isingelipwa, na kwamba tarakimu ile kubwa haikuweza kusimama mbele ya mizani. Yote mawili ni kweli, na walioishabikia mojawapo hawakupenda kusikia nyingine.

Hapo ndipo furaha ya Chama cha Migodi inapopaswa kutazamwa kwa jicho kavu. Kuonyesha kwamba matofali laki moja na nusu hayakuibwa si kuonyesha kwamba hakuna kilichoibwa. Chini ya migodi iliyoachwa ya Witwatersrand na maeneo ya jirani kuna wachimbaji wasio na leseni, zama zama, wengi wao kutoka Lesotho, Msumbiji na Zimbabwe, wanaoishi gizani kwa wiki au miezi. Dhahabu yao haimo katika ripoti ya kampuni yoyote. Januari 2025, baada ya polisi kuzuia chakula kushushwa katika mgodi wa zamani wa Buffelsfontein, Stilfontein, waokoaji walipandisha juu miili 78 na watu hai 246. Walichokuwa wamekichimba wao na waliowatangulia kilikuwa kimekwisha kwenda zake kwa wanunuzi wasiokwenda chini. Sehemu ya dhahabu ya aina hiyo, kama kesi za kodi nchini humo zilivyoonyesha, huyeyushwa pamoja na sarafu za Krugerrand na vito vya zamani, ikapewa ankara ya dhahabu chakavu, ikadaiwa marejesho ya kodi ya ongezeko la thamani, kisha ikauzwa nje waziwazi. Dhahabu hii iliyoibwa huingia katika jedwali la mauzo ikiwa na nyaraka kamili. Hakuna kioo kitakachoikamata, kwa kuwa pande zote mbili zinakubaliana.

Kaskazini zaidi kioo hufanya kazi vizuri zaidi, kwa kuwa huko mlango wenyewe ndio ulio wazi. Shirika la habari la Reuters lilionyesha mwaka 2019 kwamba Falme za Kiarabu ziliandika dhahabu ya dola bilioni 15.1 kutoka Afrika katika mwaka 2016 pekee, tani 446, ilhali mwaka 2006 thamani ilikuwa bilioni 1.3 tu, baadhi ya nchi zilizotajwa kuwa chimbuko hazikuwa zimeandika mauzo yoyote ya dhahabu kwenda huko. Shirika la Swissaid lilikadiria mwaka 2024 kwamba angalau tani 435 zilitoroshwa kutoka barani katika mwaka 2022. Uganda, iliyofunguliwa kiwanda cha kusafishia dhahabu Entebbe mwaka 2017, imeona dhahabu ikiipita kahawa kwa kuingiza fedha za kigeni, ingawa migodi yake iliyoandikwa rasmi hutoa kidogo mno. Mashariki mwa Kongo ni jirani.

Wenye umri wa kukumbuka Chepkube hawatashangaa. Baridi kali ilipoua mibuni ya Brazil mwaka 1975 na bei ya kahawa kuruka, kahawa ya Uganda ya Idi Amin ilivuka kwa vichwa vya watu, punda na malori hadi soko hilo dogo chini ya Mlima Elgon, upande wa Kenya, na neno magendo likaingia katika vitabu vya wachumi wa kigeni kama lilivyo, bila kutafsiriwa. Tofauti ni kwamba gunia la kahawa huonekana kutoka mbali. Dhahabu ya dola laki moja huingia katika mfuko wa koti.

Ndiyo maana kosa la mwaka 2016 lina gharama. Tarakimu ya bilioni 78.2 iliwapa wenye viwanda hoja nyepesi ya kukataa, na waliokuwa na mashaka halali juu ya bei za uhamisho kati ya kampuni na kampuni dada, juu ya platinamu, juu ya ankara za huduma zinazolipwa visiwani, walijikuta wakijibiwa kwa dhahabu. Mnorwei Morten Jerven alikuwa ameonya katika kitabu chake cha mwaka 2013 juu ya takwimu za Afrika kwamba nyingi kati yake ni zao la uhaba wa makarani na la mabadiliko ya fomu kuliko la uchumi wenyewe. Onyo hilo lilipokewa na baadhi ya wakuu wa idara za takwimu kama tusi. Ofisi ya Johannesburg au Pretoria haina uhaba wa makarani, lakini mabadiliko ya fomu inayo, na kila badiliko lina tarehe na sababu ambayo mtafiti anaweza kuitafuta kabla ya kulitafuta jina la mwizi.

Uganda ilichagua njia nyingine kwa sehemu ya tatizo ambayo macho yanaweza kuifikia. Tangu mwaka 2005 Idara ya Takwimu na Benki Kuu ya nchi hiyo huwatuma waandikaji kwenye vituo vya mpakani, Busia, Malaba, Mpondwe na kwingineko, wakae kando ya njia na kuhesabu kwa macho kinachopita bila fomu: baiskeli yenye maharage, mwanamke mwenye beseni la samaki, mkokoteni wa mahindi. Wanakadiria uzito, wanauliza bei sokoni, wanaandika. Ni kazi ya jua na vumbi, na matokeo yake huwekwa katika urari wa malipo wa taifa pamoja na kahawa na dhahabu.

Johannesburg haina mtu wa namna hiyo kituoni. Jioni, mabasi ya masafa marefu hujaza matumbo yake karibu na Park Station. Abiria wengi ni wanawake waliokuja kununua nguo, viatu na mablanketi katika maduka ya Waethiopia na Wachina kwenye mitaa ya katikati ya jiji, na miongoni mwao hakosi anayebishana na utingo juu ya uzito wa mzigo kwa Kiswahili cha Lubumbashi. Basi litapita Beitbridge, kisha Chirundu, kisha Kasumbalesa, siku mbili au tatu kutegemea foleni. Katika vitabu vya Afrika Kusini, mifuko ile iliyofungwa kwa kamba imekwisha kuandikwa, kama imeandikwa, kuwa manunuzi ya rejareja ya ndani ya nchi.